Kilo Kumi za Chemutai

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kujisifu, Chemutai alikuwa ameshawasha moto, amechemsha maji na kumletea Kogo ndoo ya kukamulia. Kogo ndivyo alivyomwita nyanya yake, kama watoto wa Kipsigis wanavyowaita nyanya zao. Wawili hao waliishi peke yao kwenye kilima kisicho mbali na soko la Roret, katikati ya majani chai yaliyoizunguka nyumba hadi karibu na mlango. Kogo Rodah alikuwa mwema sana, lakini masikio yake yalikuwa yamechoka. Ukimwambia, "Kogo, leo nimekuwa wa tatu darasani," anakujibu, "Ndiyo, hata mimi naona mvua itanyesha." Basi Chemutai alizoea kumpa ng'ombe habari zake zote. Ng'ombe angalau alikuwa akitingisha masikio.

Upweke hauna dawa ya kumeza, lakini unauma, asikudanganye mtu. Baba yake Chemutai alifariki msichana huyu akiwa na miaka saba. Mama yake, Fancy, ni muuguzi, naye alipata kazi katika zahanati moja kule Lokori, Turkana, mbali kabisa na nyumbani. Mwaka wa kwanza alikuja Krismasi. Mwaka wa pili hakuja. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu, na kila Jumapili Chemutai alimuuliza swali lile lile.

"Mama, unarudi lini nyumbani?"

"Hivi karibuni, mama. Vumilia kidogo tu."

Hiyo "hivi karibuni" ilikuwa imefikisha mwaka mmoja na miezi minane. Chemutai alikuwa ameihesabu kwenye kalenda ya kanisa iliyoning'inia jikoni.

Siku za Jumamosi aliungana na Kogo kuchuna chai, majani mawili na kichipukizi, mpaka vidole vinageuka rangi. Mchana walibeba vikapu hadi kituo cha kupimia. Hapo ndipo Chemutai alipojifunza mambo ya mizani. Kuna majirani waliorashia majani maji chini kwa chini ili yawe mazito. Kuna mama mmoja aliyejua kuegemeza goti kwenye gunia bila karani kumwona, kisha akaondoka akicheka. Karani naye alikata kilo nzima ya uzito wa gunia hata kama gunia lilikuwa jepesi kama kitambaa. Kogo peke yake ndiye aliyeweka kikapu chake na kurudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni. Watoto wa kituoni walikua wakiamini kwamba mizani ni kitu cha kuzidiwa akili. Asiyeizidi akili, basi yeye ndiye mjinga.

Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, mama alipiga simu siku isiyokuwa Jumapili. Alikuwa amempatia Chemutai nafasi katika ndege. Ndiyo, ndege! Si zile kubwa zinazopita juu zikiacha mstari mweupe. Ilikuwa ndege ndogo ya kampuni ndogo, yenye viti sita pamoja na cha rubani, iliyoondoka kila Jumanne katika kiwanja cha nyasi kule kwenye mashamba makubwa ya chai. Ilibeba wauguzi, mafundi na dawa hadi vituo vya mbali ambavyo barabara zake hukatika mvua ikinyesha. Angekwenda Jumanne hiyo na kurudi Jumanne inayofuata, kwa sababu shule zingefunguliwa siku moja baadaye.

Usiku huo hakuna aliyelala vizuri ila Kogo. Chemutai alikuwa anapanga. Alikuwa amegundua kwa nini mama harudi: amesahau ladha ya nyumbani! Kule kuna jua na mchanga tu. Angempelekea mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, na viazi vitamu vya shamba lile lile alilolima baba. Mama angeonja, machozi yamtoke, afunge mizigo arudi. Msimcheke. Mtoto aliyemkosa mama yake hupanga mipango ya namna hiyo, na kila mpango huuona ni mkamilifu.

Jumanne walifika kiwanjani mapema, Kogo amevaa koti lake la kanisani. Kwenye kibanda cha mabati alisimama Ouko, karani wa kampuni ile, kijana mrefu kutoka upande wa ziwani mwenye mdomo usiopumzika. Mbele yake palikuwa na mizani kubwa.

"Panda, dada mdogo," alimwambia Chemutai. "Usiogope, sitamtangazia mtu. Hapa hata askofu tunampima."

Chemutai akapimwa kwanza yeye mwenyewe, kisha mkoba wake. Mshale wa mizani ukaenda mpaka kumi na nane.

"Ala! Umebeba ng'ombe mzima?" Ouko alicheka. "Kila abiria ana kilo nane tu, isipokuwa wanaosafiri kikazi. Punguza kumi."

"Tafadhali, kaka. Ni vya mama yangu."

"Hata vingekuwa vya mfalme." Ouko akaacha kucheka. "Sikiliza vizuri. Ndege hii ni ndogo na kiwanja hiki ni kifupi. Kampuni ina sheria moja isiyo na mchezo: anayeidanganya mizani haachi mzigo tu, anaachwa yeye mwenyewe. Tumeelewana?"

Chemutai alitoa vibuyu viwili na mfuko wa viazi. Kogo, ambaye hakuwa amesikia lakini alikuwa ameona, aliviweka ndani ya gunia lake na kumpapasa kichwa. "Viache. Mama yako anakutaka wewe," alisema. Mkoba ukapimwa tena. Kilo nane kamili. Ouko akauandika kwa chaki, akaufunga kamba.

Hapo mvua ikaanza. Mvua ya kwetu Agosti haibishi hodi. Ilimwagika juu ya mabati kwa kishindo mpaka watu wakawa wanaongea kwa ishara. Ouko alikimbilia ofisini. Abiria wanne wengine walijibanza upande mmoja. Kogo alisinzia kwenye benchi, gunia likiwa miguuni pake.

Chemutai alilitazama gunia, akaitazama ile chaki. Kilo nane, ilisema. Nani angepima mara ya pili? Moyo ulimwambia aache, lakini aliiona sura ya mama akiinua kibuyu kinywani. Akainama taratibu, akafungua kamba ya mkoba, akarudisha vibuyu, akarudisha viazi, akafunga. Hakuna aliyegeuka. Ilikuwa rahisi kuliko kuegemeza goti kwenye gunia la chai.

Mvua ilipopungua, rubani alitoka kwenda kukagua nyasi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi chache na buti za mpira, watu walimwita Kapteni Elmina. Alirudi na matope hadi magotini.

"Ndugu zangu, nyasi zimelowa," alisema. "Matope yanayashika magurudumu, na mwisho wa kiwanja kuna mikaratusi inayotusubiri. Nimepiga hesabu mara mbili. Tumezidi kilo kumi. Lazima kitu kibaki."

Watu walitazamana. Chemutai alitazama viatu vyake. Kisha mwanamume mmoja wa makamo akainuka. Jina lake Lazarus, fundi wa pampu za visima, naye alikuwa akienda Lokori kutengeneza pampu ya kijiji.

"Kapteni, vyuma vyangu siwezi kuviacha, watu kule hawana maji," alisema. "Lakini begi langu la nguo lina kilo kumi. Libaki. Nitavaa hili shati wiki nzima. Kama litanuka, ninyi mtahama, mimi nitabaki na pampu yangu."

Wote wakacheka, Kapteni akamshukuru. Chemutai hakucheka.

Wakati wa kupakia, Ouko alikuwa na shughuli nyingi. "Lete mkoba," alimwambia Chemutai, lakini yeye akajibu haraka, "Naweza mwenyewe, kaka." Mtoto aliyelelewa na kikapu cha chai anajua kubeba mzigo mzito kwa uso mwepesi. Aliunyanyua bila kukunja uso, akausukuma ndani ya kishimo cha mizigo nyuma kabisa, kwenye mkia wa ndege. Alimkumbatia Kogo, aliyesimama kando ya ua wa kiwanja kumuaga, akapanda.

Kabla ya kuwasha injini Kapteni Elmina aligeuka na kuwaangalia mmoja mmoja. "Nauliza kila siku na leo nauliza. Kuna kitu chochote humu ndani ambacho hakikupimwa?"

"Hakuna," walijibu.

"Hakuna," alisema Chemutai, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtu mwingine.

Injini ikanguruma. Ndege ikaanza kutembea polepole kuelekea upande wa mbali, matope yakirukia madirisha. Fundi Lazarus, aliyekaa karibu naye, alitoa njugu mfukoni na kumgawia. Kisha akafunga mkanda wake, akaegemeza kichwa, akafumba macho.

"Mzee, huogopi?" Chemutai alimuuliza.

"Mimi? Aa. Huyu mama amehesabu kila kitu. Mimi nalala."

Maneno hayo yalimchoma. Njugu zikamkaukia mdomoni. Mzee yule alikuwa ameacha nguo zake zote ili kilo kumi zitoke, naye Chemutai alikuwa amezirudisha kimya kimya. Alitazama visogo vya watu waliokuwa mbele yake. Wote walikuwa wanaiamini hesabu. Ni yeye peke yake aliyejua kwamba hesabu ni ya uongo. Jamani, alikuwa ameujua upweke wa nyumbani, wa jikoni na wa njia ya shule, lakini haukuwa umefikia huu. Alikuwa amebanwa katikati ya watu mpaka magoti yanagusana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa pamoja naye.

Akikiri, ataachwa. Ndivyo Ouko alivyosema. Jumanne ijayo ndiyo siku ya kurudi, kwa hiyo hakutakuwa na safari tena. Hatamwona mama mpaka Krismasi, na huenda hata Krismasi asimwone. Akinyamaza, labda hakuna litakalotokea. Labda.

Ndege ilifika mwisho, ikageuka. Mbele yao kiwanja kilinyooka, kijani na chenye madimbwi, na kule mwisho mikaratusi ilisimama wima. Injini ikaongeza sauti. Kila kitu kikatetemeka.

"Kapteni!" Chemutai alipiga kelele. "Kapteni, simama! Usiende!"

Kapteni hakusikia, kwa sababu masikio yake yalikuwa yamefunikwa vifaa vya redio. Lazarus alifumbua macho, akaona uso wa msichana, akanyoosha mkono mrefu na kumgonga rubani begani. Sauti ya injini ikashuka.

"Mkoba wangu," Chemutai alisema, machozi yakimtoka. "Si kilo nane. Ni kumi na nane. Nilivirudisha vitu mvua iliponyesha. Naomba msamaha. Niacheni mimi, ninyi nendeni."

Mtu mmoja mbele akasema, "Loo!" na mwingine akasonya. Kapteni Elmina aliirudisha ndege hadi kibandani, akazima injini, akashuka na kuutoa mkoba yeye mwenyewe. Aliupeleka kwenye mizani. Kumi na nane. Ouko alimwangalia Chemutai kwa uso wa mtu aliyepigwa kofi, maana yeye ndiye aliyeiamini chaki.

"Njoo hapa," Kapteni alisema. "Unajua uliuweka wapi mzigo huu? Mkiani. Uzito wa mkiani usiojulikana huinua pua ya ndege wakati rubani hataki iinuke. Nyasi kavu, labda ningeweza. Leo, na matope haya, ningefika kwenye miti ile nikijiuliza nimekosea wapi. Nisingejua kamwe. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Nani alikufundisha kuidanganya mizani?"

"Kwetu kituoni watu hufanya hivyo," Chemutai alinong'ona. "Wanasema asiyefanya ni mjinga."

Kapteni alishusha pumzi. "Hata hapo kituoni wanamwibia jirani yao, ila hawamwoni analia. Haba na haba hujaza kibaba, binti. Kila abiria akificha kilo zake kumi akidhani ni yeye peke yake, hakuna atakayefika."

Ouko aliangalia chini, kisha akakohoa. "Kapteni, sheria inasema aachwe. Lakini wadanganyifu wengine hawasemi, hatuwajui mpaka tuugundue mzigo wenyewe. Huyu amesema kabla magurudumu hayajainuka."

"Na amejua atapoteza safari, akasema," Lazarus aliongeza kutoka mlangoni mwa ndege. "Mimi nitaruka naye. Nitaruka naye hata kesho."

Kapteni Elmina aliwaza kidogo, akitazama mawingu. "Sheria niliisaini mimi, ili watu wasife," alisema hatimaye. "Aliyesema kweli kabla ya safari ameitimiza sheria hiyo. Mzigo unabaki. Mtoto atakuja. Lakini kwanza nenda ukamwombe radhi kila mmoja, ukianza na Ouko."

Alianza na Ouko. Akaenda kwa Kogo, aliyekuwa bado amesimama kando ya ua, ameshika gunia lake, na alikuwa ameshaelewa kwa nini ni tupu. Chemutai alimwambia kila kitu karibu kabisa na sikio. Safari hii Kogo alisikia. Hakumgombeza. Alichukua vibuyu na viazi akavirudisha guniani, akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Afadhali umegeuka kabla ya kufika mwisho wake. Nenda."

Ndege iliruka. Ilipita juu ya mikaratusi kwa nafasi ndogo tu, kiasi kwamba Chemutai aliona majani yakiinama, na mwili ukamsisimka wote. Chini yake chai ilitanda kijani kila upande, kisha ikaisha. Milima ikaja, ikaisha. Nchi ikageuka rangi ya kahawia. Hakuna aliyezungumza naye sana, na yeye hakulaumu mtu. Lazarus peke yake alimpa njugu zilizobaki.

Kule Lokori, joto lilimpokea mlangoni mwa ndege. Mama alikuwa pale, amevaa sare yake ya uuguzi, amekonda kuliko katika picha. Alimbeba juu kana kwamba ni mtoto wa miaka minne. Walipofika kwenye chumba chake nyuma ya zahanati, kitanda kimoja na jiko dogo la mafuta, Chemutai alishindwa kula. Akasimulia yote: mizani, mvua, mkia wa ndege, begi la mzee Lazarus.

"Nilitaka uonje nyumbani," alimalizia akilia, "ili urudi. Sasa sina kitu."

Mama alikaa kitandani polepole.

"Chemutai," alianza, "ulisimamisha ndege yenye watu, ukijua utaachwa, ili useme kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Basi umeniaibisha, mwanangu, na nimestahili. Mimi mtu mzima nimeshindwa kusema kweli kwa simu tu." Akamshika mikono yote miwili. "Sijasahau nyumbani hata siku moja. Kazi niliyosaini hapa ina miaka mingine miwili. Nilijua tangu Krismasi. Zahanati hii ina muuguzi mmoja, na nikiondoka kabla ya kuletwa mwingine, akina mama watajifungulia njiani. Nilikuwa nakwambia 'hivi karibuni' kwa sababu niliogopa utalia na mimi siko karibu."

Miaka miwili! Chemutai aliisikia ikianguka kifuani kama jiwe. Alitaka kukasirika, na kweli alikasirika kidogo. Aliuvuta mkono wake. Kisha akaurudisha.

"Nimezungumza na kampuni ya ndege," mama aliendelea. "Kila likizo utakuja, na Krismasi nitakuja mimi. Hilo naweza kuliahidi. La kurudi kabla ya miaka miwili siwezi, na sitakudanganya tena. Uongo, hata ule wa kumfariji mtu, humwacha kila mmoja peke yake, yule anayedanganya na yule anayedanganywa. Ukweli ni mzito, lakini mzito hubebwa na wawili. Hilo umenifundisha wewe."

Chemutai aliinamisha kichwa kwenye sare ya mama iliyonukia dawa na sabuni. Alilia kilio kirefu, cha mwaka mmoja na miezi minane na cha miaka miwili ijayo. Ila mara hii alikuwepo mtu wa kumfuta machozi.